Salalah kwa Karavani: Mvua ya Kusi na Chakula cha Njiani

Likizo ya Agosti inakaribia, na kama ilivyo kila mwaka, kina mama wametuuliza ni wapi pa kuwapeleka watoto ambapo familia itapata sitara yake, itaswali kwa nafasi, wala haitarudi nyumbani imechoka kuliko ilivyoondoka. Hatuna jibu la kumfaa kila mtu. Tunayo safari moja ya kusimulia, ya Agosti iliyopita, kutoka Maskati hadi Salalah kusini mwa Oman: watu sita ndani ya gari lenye vitanda, jiko na choo, tukiifuata mvua.

Msomaji wa Pwani huenda akacheka. Sisi mvua hutufuata wenyewe, na masika yakizidi, barabara ya Lamu kupitia Garsen hukatika na watu wakalala njiani. Nani basi afunge mizigo kwenda kunyeshewa? Lakini Ghuba ni nchi ya jua. Mwezi wa saba na wa nane joto la Maskati hupita nyuzi 40, na familia za Oman, Imarati, Saudia na Kuwaiti hupanda magari zikaenda mamia ya kilomita kwa ajili ya kuketi juu ya majani mabichi na kulowa. Mtu aliyezaliwa jangwani akiona rasharasha hushuka garini. Hakimbilii paa.

Msimu huo huitwa khareef, nao huhesabiwa rasmi kuanzia 21 Juni hadi 21 Septemba. Si mvua ya radi wala ya mafuriko, bali ni ukungu na manyunyu. Kisa chake kinatuhusu sisi pia. Upepo wa kusi, huu huu upitao juu ya pwani yetu na ya Somalia, huvuma sambamba na ufuo wa Uarabuni na kuyasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na nchi kavu, na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa na kugeuka ukungu, kisha hugota kwenye milima ya Dhofar iliyouzunguka mji mfano wa mwezi mwandamo. Haipandi zaidi, kwani juu yake imekaliwa na hewa kavu ya jangwani. Basi ukungu hukaa hapo miezi mitatu ukidondoka, na milima iliyokuwa rangi ya vumbi ikawa kijani kama ya Taita.

Bibi alilijua jambo hili kabla yetu sote. Bibi ni mama wa wifi yetu anayeishi Seeb, na ndiye aliyekuwa sababu ya safari. Marehemu baba yake alikuwa baharia wa majahazi. Akirudi alikuwa akiwaambia wanawe kwamba kuna bandari Uarabuni yenye minazi na migomba, na kwamba huko mvua hunyesha wakati wa kusi. Watoto walidhani ni hadithi za baharini, kwani Uarabuni waliyoijua wao ilikuwa ya tende na mchanga. Lakini mzee hakusema uongo. Karibu miaka 700 iliyopita Ibn Battuta alisafiri kutoka Kilwa hadi Dhofar kwa bahari, na katika habari zake akaieleza kwa urefu minazi na ndizi alizozikuta huko. Bibi sasa ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na alisema waziwazi kwamba angependa kuionja nazi ile kabla Mwenyezi Mungu hajamchukua. Baada ya kauli hiyo, nani angekataa?

Karavani, kama wanavyoliita Waomani, tulilichagua kwa ajili ya Bibi. Mtu mwenye magoti mabovu hawezi kuketi garini kutwa nzima bila kunyoosha miguu, na choo cha njiani si jambo la kumbahatisha mzee. Humo alikuwa na kitanda chake nyuma, na pazia zito la kututenga sisi wanawake na wanaume wawili waliolala mbele. Binti yetu wa miaka 11 alipewa kitanda cha juu ya dereva na akakataa kushuka. Tulipunguza maji ya udhu mpaka kikombe kimoja kwa mtu, maana tangi ni dogo na jangwani hakuna wa kulijaza. Binti yetu alishangazwa na kibla. Mombasa, Makka iko kaskazini barabara, hata mabaharia wetu wa zamani waliita kaskazini kibla. Maskati ukaelekea magharibi, na huko Salalah ukapinda kidogo tena kuelekea kaskazini. Kila kituo alitoka na dira yake kabla ya sisi kutandaza miswala, na haikupata kutokea akakumbushwa swala katika safari nzima.

Kutoka Maskati hadi Salalah ni kilomita 1,000 hivi. Unapita Nizwa, kisha Adam, mji alikotoka Ahmad bin Said, muasisi wa utawala wa Busaidi uliokuja kutawala Unguja na Mombasa. Baada ya Adam hakuna kitu. Tunasema hakuna kwa maana yake: ardhi bapa, barabara iliyonyooka, ngamia mmoja kwa mbali, na joto linalocheza juu ya lami kama maji. Haima, katikati ya jangwa, ni mahali pa mafuta na swala. Hatutapoteza karatasi kwa sehemu hii, isipokuwa kwa jambo moja lililotokea ndani ya gari.

Kabla ya kuondoka, wanaume walikuwa wamepiga hesabu. Kukodi gari kama lile si rahisi, na riali moja ya Oman ni zaidi ya shilingi 300 zetu. Lakini, walisema, humo mna jiko na friji, kwa hiyo hatutalipia chakula hata mara moja, na akiba hiyo itafidia kodi. Kwenye karatasi ilikuwa sawa. Wifi yetu alipakia mchele, unga wa chapati, samli, dengu, kuku wawili waliokatwakatwa, sufuria tatu na bakuli la kukandia. Jiko lenyewe lilikuwa na mafiga mawili ya gesi na mahali pa kusimama mtu mmoja. Asubuhi ya kwanza, kabla jua halijachomoza, wawili sisi tulikuwa tukipishana hapo kwa ubavu. Mchana tulisimama penye kivuli cha kituo cha mafuta, nje nyuzi 45, ndani pilau likitokota, madirisha wazi na jasho likitutiririka ndani ya buibui. Wengine walishuka kunyoosha miguu. Usiku hali ilikuwa hiyo hiyo, na vyombo vya kuosha kwa maji ya kuhesabu.

Siku ya pili, adhuhuri, wifi alipoinuka kuchukua sufuria, Bibi aliuliza kutoka kitandani kwake:

"Wanangu, mmewachukua hawa safari, au mmelichukua jiko likawafuata wao?"

Pakawa kimya. Mwanawe akajibu kwa adabu, "Mama, kupika humu ndiyo faida ya gari lenyewe."

"Faida ya nani?" akauliza Bibi. "Mimi tangu Nizwa nawaona hawa wawili migongo tu. Jangwa lote hili hawajaliona."

Tungependa kuandika kwamba sisi wanawake tulimshukuru papo hapo. Sivyo ilivyokuwa. Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupinga. Sisi tulikuwa wageni wake kutoka Mombasa, na kwake yeye kumlisha mgeni chakula cha kununua, tena barabarani, ilikuwa aibu atakayoizungumza na jirani zake Seeb mwaka mzima. Bibi alimwacha aseme yote. Kisha akamwambia kwamba mgeni hakuja kula pilau la Mombasa ndani ya jangwa la Oman, kwa kuwa pilau la Mombasa analo kwao. Na akawageukia wanaume: kuanzia kituo kijacho hadi mwisho wa safari jiko litawashwa kwa chai na maji ya moto peke yake. Chakula kitatafutwa na wenye miguu mizima, na wao ndio watakaouliza nini hupikwa hapa, kwa nani, na kimepikwa lini.

Wengi wenu mtaijua hali hii hata kama hamjapanda karavani. Ni ile likizo ya kukodi nyumba Watamu au Diani, ambayo baba na watoto wako baharini tangu alfajiri na mama anakuna nazi katika jiko la watu asilolijua kisu kilipo. Tumeiona mara nyingi, na tumeiona pia ikisifiwa kuwa ndiyo mapenzi ya mama. Wanaume hupiga hesabu ya akiba na hawaihesabu kazi, nasi wenyewe huificha kazi ile kwa kuona haya. Akiba ya chakula ilikuwa ya kweli. Ila ililipwa na watu wawili kati ya sita, na hakuna aliyewauliza.

Tulifika Thumrait magharibi. Salalah ilikuwa imebaki kilomita 80 hivi, na jamaa za shemeji walikuwa wamechinja mbuzi na kutungojea kwa chakula cha usiku. Hapo ndipo habari zilipokuja. Madereva waliopanda kutoka chini walisema ukungu umekaa juu ya mlima, taa ya gari la mbele haionekani mpaka uligonge. Barabara ile huteremka kwa kona, na gari letu lilikuwa refu, zito, na tumbo lake limejaa maji. Ngamia nao hutembea wapendako, na ngamia akigongwa, miguu hubaki nje na mwili huja ndani kupitia kioo. Shemeji alikuwa mtu mzima anayeijua barabara, lakini alikaa kwenye usukani bila kuwasha. Kwake mbuzi yule hakuwa nyama. Alikuwa heshima ya watu waliokaa mlangoni wakitazama saa. Kumwambia Mwarabu wa Dhofar kwamba huji, na moto umeshawaka, si neno jepesi.

Wifi ndiye aliyetatua. Alichukua simu akampigia mwenye nyumba mwanamke, si mwanamume, akamweleza kwamba tuko Thumrait na kuna mzee garini. Yule mama hakumwacha amalize. Alisema wasishuke, mbuzi atakuwepo kesho, na kwamba wao wenyewe wakaao huko hawashuki usiku kama ule ila kwa maradhi. Shemeji alipumua, akazima taa za gari. Usiku huo tulikula mkahawa mdogo wa vibarua wa Kihindi na Kipakistani: dengu nzito, parata za moto zilizochanika zenyewe kwa tabaka, na chai ya maziwa yenye iliki ambayo huko huitwa karak. Wanaume walizibeba sahani hadi garini. Wifi alikula kimya, akaomba parata ya pili.

Asubuhi tuliteremka pole pole. Hatujui namna ya kulieleza badiliko lile kwa asiyeliona. Upande wa jangwa jua linachoma, hakuna hata jani. Unafika juu karibu na Qairoon Hairiti, na mbele yako kuna ukuta mweupe. Unaingia. Kioo kinalowa, dereva anawasha vifuta maji, na pembeni mwa barabara yametokea majani marefu, ng'ombe, miti iliyovaa ukungu na kudondosha maji kama imetoka kuoga. Kipimajoto cha gari kilishuka nyuzi zaidi ya kumi kabla hatujamaliza kikombe cha chai. Bibi alifungua dirisha akautoa mkono nje, akaurudisha umelowa, akajipaka usoni.

Mbuzi tulimkuta. Alipikwa juu ya wali, na pembeni yake palikuwa na kitu tusichokijua, vipande vya nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake, wenyewe wakiiita maajini. Ni chakula cha zamani cha watu wa mlimani, cha enzi ambazo nyama haikupatikana kila siku wala friji haikuwepo. Ladha yake ni kali, yenye chumvi nyingi. Kidogo kinashusha wali mwingi. Watu hao wa mlimani wana lugha yao, Shehri au Jibbali, ambayo si Kiarabu ingawa ni ya ukoo mmoja nacho. Mwenye nyumba aliposikia tukiongea Kiswahili mezani, alituambia yeye naye nyumbani huwaficha wageni siri kwa namna hiyo hiyo.

Kutoka siku hiyo tulilala uwanda wa Ittin, chini ya mlima, penye safu za vibanda vya chakula. Hapo ndipo tulipokula madhbi. Kuni huwashwa zikawa makaa, juu yake hupangwa mawe laini ya mtoni, na mawe yakishika moto, nyama ya mbuzi au ya ngamia hulazwa juu yake. Mafuta hutiririka kati ya mawe, moto huruka, na nyama huiva nje kwa ukoko na ndani ikabaki na maji yake. Hutiwa chumvi na si kingine. Bibi, ambaye kwake nyama bila tangawizi na thomu ni ya mgonjwa, alimwuliza mchomaji kupitia mkwewe ameficha wapi viungo vyake. Yule bwana akaonyesha mawe. Mishikaki ipo pia, jina lile lile letu, nayo hupakwa ukwaju. Huuzwa kwa baisa, ndugu wa neno letu pesa. Tuliikubali, ila twaamini ya Mombasa ina moto zaidi, na huo si ushabiki.

Wanaume walishika kazi yao vizuri kuliko tulivyotarajia. Siku ya kwanza walirudi na mfuko mmoja wa mkate. Siku ya tatu walikuwa wakibishana ni kibanda gani kina foleni ya wenyeji na kipi kina foleni ya wageni, na wamejua kwamba kitu kilichotolewa motoni mbele ya macho yako ni salama kuliko kilichopangwa kwenye sinia tangu asubuhi, hasa siku za unyevu ambapo nzi huongezeka. Sisi tulikaa nje chini ya turubai, tukatazama mlima ukitokea na kupotea.

Nazi ilisubiri hadi Jumamosi. Barabarani karibu na mashamba ya ufukweni, eneo la Al Hafa, kuna mlolongo wa vibanda vya makuti vyenye madafu, ndizi ndogo tamu, mapapai na miwa. Ungefumba macho ukafumbua hapo, ungesema uko Kikambala. Bibi alishushwa, akawekewa kiti, akapewa dafu lenye mrija. Aliutoa mrija akalinywa kwa mdomo. Alinywa lote bila kusema, akaomba lipasuliwe, akala nyama yake kwa kijiko cha ganda. Kisha akatoa hukumu: dafu lao ni dogo kuliko letu, maji yake matamu, nyama yake nyembamba. "Alisema kweli," akasema. Hakumtaja aliyesema, nasi hatukuuliza.

Sokoni hapo Al Hafa wanawake ndio wafanyabiashara wa ubani na udi wa unga. Wamejifunika nyuso, wana sauti nzima, na bei zao hazishuki kwa urahisi. Watu wa Pwani tunaufukiza ubani tangu utotoni bila kuujua mti wake. Mti wenyewe haupendi mvua. Huota upande wa nyuma wa milima, penye ukavu, na Wadi Dawkah, kaskazini mwa mji, ipo hifadhi yake iliyomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ubani bora huitwa hojari, ni mweupe wenye kijani kwa mbali. Wifi alinunua, na usiku akataka kufukiza garini kuondoa harufu ya nguo mbichi.

Hapa tusimame, kwa kuwa jambo hili laweza kumfika yeyote. Maisha ya karavani mvuani ni maisha ya unyevu. Taulo halikauki, pumzi za watu sita hugeuka maji kwenye vioo, na siku ya tatu godoro huanza kunuka. Shawishi ni kufunga kila dirisha na kuingiza kitu cha moto. Chetezo chenye makaa, au jiko la makaa, likiingizwa chumbani kulikofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Haya hutokea katika mahema, magari, na katika vyumba vyetu vya Majengo na Kisauni msimu wa baridi ya Julai. Wifi alifukiza nje chini ya turubai, nguo zikiwa zimetundikwa juu ya moshi, na madirisha mawili yaliachwa wazi upana wa vidole vitatu usiku kucha, baridi iwe baridi. Mablanketi yapo kwa kazi hiyo.

Tulikwenda Wadi Darbat, bonde lenye mto na ng'ombe wanaolisha kando ya maji, na Ain Athum ambako maporomoko hushuka msimu wa mvua tu. Binti yetu aliyataka maji na hakuruhusiwa. Mito ya Dhofar imewahi kuwa na kichocho cha matumbo, ugonjwa ambao mzazi wa Kwale au wa Tana hahitaji kuelezwa. Alilia kidogo, akasahau alipoona punda. Na kuhusu mabonde makavu yanayokatisha barabara, Oman nzima inalijua somo lake: mvua inyeshayo mlimani huleta maji bondeni penye jua, na gari linaloingia maji yanayotembea laweza kuchukuliwa hata kama kina chake ni cha magoti. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la kisheria huko. Laiti lingekuwa hivyo kwetu pia.

Siku ya mwisho tulikwenda Mughsail, kilomita 40 hivi magharibi mwa mji. Kuna jabali lenye matundu, na mawimbi ya kusi yakipiga chini, maji huruka juu kupitia matundu hayo kwa mngurumo. Hakuna aogeleaye msimu huo, na mashua ndogo zimepandishwa ufukweni. Bibi alisimama mbali na ukingo, buibui lake likipepea kama tanga, akaeleza kwa nini majahazi hayakuja huku katikati ya kusi. Bahari hii ingeyavunja, alisema; walikuja kusi likilegea, wakakuta majani bado mabichi. Binti yetu alimsikiliza hadi mwisho, nalo si jambo dogo kwa mtoto wa siku hizi.

Kwa mwenye nia, tuongeze machache. Gari liendeshwe na mtu aijuaye nchi. Kukodi na petroli ndivyo vilivyokula fedha nyingi zaidi. Chakula cha vibandani, tulipojumlisha, hakikuzidi sana kile tulichonunua sokoni Seeb na nusu yake kikaharibika kwa unyevu. Magari hayaruhusiwi kukanyaga majani, kwa hiyo ulizia mahali pa kuegesha kabla giza halijaingia. Viatu vya mvua ni bora kuliko koti. Na ambaye Oman iko mbali na mfuko wake, matatu ya kukodi yenye dereva mwema, godoro mbili na birika itamfikisha Malindi au Mambrui siku za manyunyu, ambako samaki wa kuchoma na mkate wa kumimina havihitaji riali. Sharti la Bibi lahamishika bila ada.

Kurudi, jangwa lilikuwa lile lile. Haima tulikuta mkahawa umefungwa, na njaa imeingia. Wifi aliinuka kwa mazoea. Kaka yake akamwahi, akaingia jikoni yeye na shemeji, wakawasha gesi. Tulisikia majadiliano marefu kuhusu maji ya dengu. Zilikuja baada ya saa moja na nusu, chumvi imezidi, chini zimeshika ukoko. Bibi alikula sahani yake yote, akaomba aongezewe.